Maungamo ya Augustino na Swali la Kazi ya Maisha

Kijana afikapo mwisho wa masomo yake huulizwa na kila mtu swali moja: utafanya kazi gani? Huulizwa na baba, na mjomba, na mwalimu, na hata na mgeni aliyepita kunywa chai. Akiwa Mkristo huulizwa kwa namna nyingine iliyo nzito zaidi: Mungu amekuitia nini? Asipokuwa na jibu huona haya, kana kwamba wenzake wote wamekwisha kuletewa barua zao na yake peke yake imepotea njiani. Wako wazee wema ambao humpa kijana wa namna hii kitabu cha Maungamo cha Mtakatifu Augustino, wakimwambia kwamba humo ataona jinsi mtu aliyepotea alivyolipata kusudi la maisha yake. Kitabu ni kizuri, nami natamani kila mwanafunzi akisome. Lakini mtu akitafuta humo jibu la swali lile la kazi hatalipata, na sababu ya kutolipata ndiyo nitakayo kuieleza hapa.

Augustino alikuwa Mwafrika. Alizaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba lakini hakuwa na fedha nyingi. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo mwenye bidii. Mtoto huyo alipigwa shuleni, akauchukia Uyunani, akaupenda Ulatini. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na sita alirudishwa nyumbani akakaa mwaka mzima bila kusoma, kwa sababu karo ya kumpeleka Karthago ilikuwa bado haijapatikana. Wasomaji wengi wa kitabu chetu hiki wataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Katika mwaka huo wa kukaa bure, yeye na wenzake waliiba usiku matunda ya mti mmoja uliokuwa karibu na mizabibu ya kwao, wakawatupia nguruwe. Watu huudhika kwamba askofu mzima ametumia kurasa nyingi kwa wizi wa matunda. Mimi naona kwamba hapo ndipo twajifunza namna yake ya kuandika. Hasemi tu kwamba aliiba. Anauliza kwa nini. Matunda hayakuwa mazuri, na kwao yalikuwako mazuri kuliko hayo. Wala hakuwa na njaa. Anazidi kuchimba hata afikapo kwenye jambo ambalo kila kijana alijua: kwamba peke yake asingeiba. Aliiba kwa kuwa walikuwa wengi, na aliona aibu kuwa yeye tu mwenye aibu. Mtungaji mwingine angalitafuta dhambi kubwa ili ajipatie toba kubwa. Augustino amechukua jambo dogo akalitazama mpaka likawa kubwa.

Basi tutazame jambo la kazi. Mtu huyu hakukosa kazi hata siku moja. Alifundisha Thagaste, akafundisha Karthago. Mwaka 383 alikwenda Roma, ambako wanafunzi walikuwa na desturi ya kumkimbia mwalimu siku ya kulipa ada. Na mwaka 384 alipata cheo cha kufundisha ufasaha wa maneno katika mji wa Milano, palipokuwa na baraza la mfalme. Kwa hesabu ya dunia alikuwa amefika. Mwana wa mkulima mdogo wa Afrika alipewa kazi ya kutunga hotuba za kumsifu Kaisari! Na siku moja, alipokuwa akienda huku akihangaika moyoni kwa ajili ya hotuba ya namna hiyo, hotuba iliyojaa uwongo ambao wasikilizaji wake wangeujua kuwa ni uwongo na kuushangilia, alimwona njiani maskini mwombaji aliyekwisha kunywa, anacheka na kufanya mzaha. Akawageukia rafiki zake akawaeleza kwamba mwombaji yule, kwa senti chache alizoomba, amekwisha kupata furaha ambayo wao wanaihangaikia kwa taabu zote hizo.

Habari hii ni fupi mno, na wahubiri huiruka ili wafike upesi bustanini. Kwangu mimi ndiyo bora kuliko zote kitabuni. Hakuna malaika wala sauti. Yuko mlevi mmoja, na mtu mwenye cheo anayemwonea wivu. Tena Augustino ni mwaminifu hata hapo, maana hasemi kwamba furaha ya mlevi ni furaha ya kweli. Asema tu kwamba yake yeye haikuwa hata hiyo.

Ile habari ya bustani ya Milano, ya mwaka 386, yajulikana. Alilia chini ya mtini, akasikia sauti kama ya mtoto katika nyumba ya jirani, ikirudia maneno ya kumwambia achukue asome. Akaufungua waraka wa Paulo kwa Warumi, akasoma fungu moja, na mashaka yakamtoka. Lakini tazama vema alipewa nini. Hakuambiwa awe padre. Hakuambiwa arudi Afrika. Hakuambiwa neno lolote juu ya kazi. Alipewa nguvu ya kuyaacha mambo ambayo kwa miaka mingi alitaka kuyaacha asiweze. Na baada ya machozi yale alifanya nini? Alihesabu siku! Zilibaki kama siku ishirini kabla ya likizo ya kuvuna zabibu, naye akaona heri avumilie darasani mpaka likizo, kuliko kujiuzulu kwa kishindo ili watu wamtazame. Wako waliomlaumu kwa jambo hilo, na mwenyewe hakujitetea sana. Mimi nalipenda.

Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387. Mwaka huo huo, walipokuwa wakingoja chombo cha kurudi Afrika katika bandari ya Ostia, Monika alifariki. Na hapo, mwisho wa kitabu cha tisa kati ya kumi na tatu, masimulizi yanakatika. Kitabu cha kumi kinaanza habari ya kumbukumbu za moyo, na kwa kuwa aliandika kuanzia mwaka 397 hivi, twaona kwamba ameruka miaka kama kumi.

Katika miaka hiyo aliyoiruka ndipo alipopata kazi ya maisha yake. Twaijua habari hiyo kwa hotuba moja aliyoitoa uzeeni, na kwa maandiko ya mwanafunzi wake Possidius. Augustino alikuwa amerudi Thagaste, akakaa na rafiki zake katika sala na kusoma, wala hakutaka zaidi. Alikwepa kuingia katika kila mji usiokuwa na askofu, akichelea kukamatwa na watu kufanywa askofu wao. Mwaka 391 alikwenda Hippo, mji wa pwani, kuonana na mtu mmoja. Hakuogopa, kwa kuwa askofu alikuwako. Lakini askofu huyo, Valerius, alikuwa mzee, tena Myunani asiyekiweza sana Kilatini, naye akawaambia watu kanisani kwamba anahitaji padre wa kumsaidia. Watu wakamshika Augustino wakamsukuma mbele. Akalia. Wengine walimfariji wakidhani analia kwa kuwa hakupewa uaskofu mara moja! Baadaye alimwandikia Valerius kumwomba muda kidogo ili ajifunze Maandiko, maana aliona hayajui ya kutosha.

Habari tamu kama hii mtungaji gani angeiacha? Lakini katika Maungamo ameigusa kwa mistari michache tu, katika kitabu cha kumi na cha kumi na moja, kama mtu apitaye mlangoni pasipo kubisha hodi. Nadhani kunyamaza huko ni kwa makusudi. Tangu mstari wa kwanza hasemi nasi. Asema na Mungu, naye humwita Wewe. Sisi twasikiliza pembeni. Swali linaloendesha kitabu ni la nani aliyekuwa akimtafuta nani, na swali hilo lilikwisha kujibiwa Milano, alipokuwa hajui hata mwaka ujao atakula wapi. Kazi ilikuja miaka mitano baadaye, kwa mikono ya umati, kinyume cha nia yake. Na ufasaha ule alioufundisha kwa fedha ulimfaa kanisani: zaidi ya hotuba 500 alizowahubiria watu zimesalia hata leo.

Sitaki kuficha kasoro ya kitabu. Augustino alikaa na mwanamke mmoja muda wa miaka kumi na mitano hivi, akazaa naye mwana, Adeodatus. Ilipotafutwa ndoa ya kumpandisha cheo, mwanamke huyo alirudishwa Afrika, akaweka nadhiri ya kutomjua mume mwingine; na Augustino, kwa kuwa mchumba alikuwa bado mtoto, akajitwalia mwanamke mwingine wa kungojea naye. Asema moyo wake ulijeruhiwa ukatoka damu. Lakini jina la mwanamke hatuambiwi. Wako wasemao kwamba alimfichia heshima yake, na kweli hata Monika ametajwa jina mara moja tu. Udhuru huo haunitoshi. Mtu aliyechunguza kwa uvumilivu mwingi kwa nini aliiba matunda, angaliweza kuuliza mwanamke huyo alirudi kwa nani, na Mungu alikuwa akimtafuta yeye kwa njia gani. Kijana msichana asomapo hapo ana haki ya kukiweka kitabu chini kwa muda.

Vitabu vitatu vya mwisho ni vigumu, navyo ni habari za wakati na za kuumbwa kwa dunia. Anayeanza aweza kuviacha mpaka mwaka mwingine. Lakini akisoma vile tisa vya kwanza akumbuke viliandikwa mahali gani. Havikuandikwa katika nyumba tulivu ile ya Thagaste. Viliandikwa Hippo, na mtu aliyekuwa sasa askofu, ambaye kwa ushuhuda wa Possidius alikaa akisikiliza kesi za watu mpaka saa ya kula, na pengine siku nzima bila kula: ndugu wanaogombea urithi, wadai na wadaiwa, watu wanaovutana kwa mipaka ya mashamba. Kisha, walipokwisha kwenda zao, alimwita mwandishi wake, akaanza tena kusema habari za mlevi wa Milano.