Ukingo wa Fremu na Vekta Inayotoka Nje

Video iliyopigwa kupitia dirisha la teksi inayotoka Mbarara kwenda makazi ya wakimbizi ya Nakivale huisumbua kodeki, yaani programu inayobana video, ukingoni kuliko mahali pengine popote. Migomba ya Isingiro huingia upande mmoja wa picha na kutokea upande wa pili, na kila fremu huja na kipande cha shamba ambacho fremu iliyotangulia haikukiona. Kazi ya kodeki ni kukisia fremu ya sasa kutokana na iliyopita, na ukingoni mara nyingi hakuna cha kukisia nacho.

Katika H.264, kiwango cha mwaka 2003 ambacho hadi leo hubeba sehemu kubwa ya video za simu, fremu hukatwa bloku za pikseli 16 kwa 16. Enkoda, sehemu ya kodeki inayobana, hutafuta kwenye fremu iliyopita mahali panapofanana na bloku, huandika vekta inayoonyesha mahali hapo, kisha hutuma tofauti iliyobaki. Kisio likiwa baya, tofauti hunenepa, na bando huliwa.

Je, ukingo ni sehemu kubwa kiasi cha kujali? Tuhesabu. Fremu ya 1920 kwa 1080 ina bloku 8,160, na zinazogusa ukingo ni 372, chini ya asilimia 5. Fremu ya 640 kwa 360 ina bloku 920 (enkoda huongeza mistari minane chini ili 360 igawanyike, nayo hukatwa kabla ya kuonyeshwa). Hapo zinazogusa ukingo ni 122, zaidi ya asilimia 13. Shuka hadi 176 kwa 144, ukubwa wa zile video za 3GP za simu ndogo za zamani: bloku 36 kati ya 99. Picha inavyopungua ndivyo ukingo unavyotawala, na picha ndogo ndiyo inayotumwa na mwenye MB chache. Nchini Uganda, ambako tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12, hesabu hii inamgusa mfukoni mtu wa Base Camp au Rubondo, huko Nakivale.

Viwango vya mwanzo, H.261 kisha MPEG-1 na MPEG-2, vilikataza vekta kuelekeza nje ya picha. Athari yake ilikuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tuseme mandhari inaingia kutoka kushoto kwa pikseli 5 kila fremu. Bloku ya ukingo wa kushoto ina safu 16 za wima: 11 zilikuwemo kwenye fremu iliyopita, 5 ni mpya. Vekta sahihi inatoka nje kwa pikseli 5, kwa hiyo ni marufuku, na zile safu 11 zilizokuwa na kisio zuri zinapotea pamoja na 5 zisizo nacho.

H.263, kiwango cha 1996 kilichotengenezwa kwa laini dhaifu, kiliweka ruhusa ya vekta kutoka nje kwenye kiambatisho chake cha D. Vekta ikitoka nje, pikseli ya mwisho ya ukingo hurudiwa badala ya ile isiyokuwepo. Kama makisio ya mandhari, mbinu hii ni duni: jani la mgomba hugeuka mistari ya mlalo. Lakini nguvu yake haiko kwenye zile safu 5. Iko kwenye 11 zilizookolewa, na kwenye vekta yenyewe, ambayo sasa inafanana na za bloku jirani. H.264, iliyoifanya ruhusa hii kuwa ya kawaida, hukisia vekta kutokana na za majirani, kwa hiyo vekta inayokubaliana nao haigharimu karibu chochote.

Mwelekeo wa kamera nao una uzito. Ukipiga video kupitia kioo cha mbele, kilichoko ukingoni sasa kilikuwa karibu na katikati punde tu, na kisio ni rahisi. Ukipiga ukiwa nyuma ya pikapu ukitazama ulikotoka, vitu huingia kutoka kingo zote nne. Dawa ya hali hiyo ni fremu za B, ambazo hukisia pia kutokana na fremu ya baadaye, kwa kuwa huko mgomba umeshaingia mzima. Ila simu ya video haiwezi kuingoja fremu ya baadaye bila kuchelewesha mazungumzo. Mama wa Nakivale anayeongea na mwanawe aliyehamishiwa Kanada, simu ikitikisika mkononi, anategemea pikseli zilizorudiwa.

Sasa wataalamu wa JVET, kundi lililotoa kiwango cha H.266 mwaka 2020, wamejaribu kitu bora katika programu yao ya utafiti, ECM. Badala ya kurudia pikseli ya mwisho, wanafuata vekta ya bloku ya ukingoni hadi kwenye fremu ya zamani zaidi na kuchota huko mandhari halisi ya kuendelezea picha. Naiona ndiyo njia sahihi, na haihitaji fremu ya baadaye. Ninalopinga ni namna ya kuipima. Katika masharti yao ya majaribio, wastani wa jumla hauhesabu kundi D, la video za 416 kwa 240. Matokeo yake huorodheshwa kando. Kwa mbinu inayohusu ukingo, mstari huo wa kando ndio ungepaswa kusomwa kwanza, tena kwenye majaribio ya ucheleweshaji mdogo.