Neno «Bilulu» Darasani

Mafunzo ya uvumilivu wanayopewa vijana wa Kolwezi yana kasoro moja kubwa: husema sana juu ya upendano, wala hayataji hata neno moja la chuki lililowahi kutamkwa mjini humu. Mwanafunzi huandika daftarini kwamba ubaguzi ni mbaya, hupata alama zake, basi.

Neno lenyewe lipo. Miaka ya 1992 na 1993, Katanga ilipokuwa bado ikiitwa Shaba, gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na wafuasi wa chama cha UFERI waliwaita watu wenye asili ya Kasai «bilulu», yaani wadudu. Vijana wa JUFERI walilibeba neno hilo hadi milangoni mwa watu. Likasi ilitangulia mwaka 1992, Kolwezi ikafuata Machi 1993. Familia zililala stesheni zikingoja treni ya Kasai, na wengi walifia pale au njiani.

Wako watakaosema kosa ni la sarufi, kwa kuwa kiambishi bi- (vi- ya Kiswahili sanifu) huwatoa watu katika ngeli ya ba- na kuwatia katika ngeli ya vitu. Hoja hii inavutia, lakini siikubali. Kiambishi hicho hicho tunakisikia katika «bijana», wala hakuna kijana anayejiona ametukanwa. Sumu imo katika sitiari: mdudu haulizwi alizaliwa wapi, hufagiliwa. Na wengi wa waliofagiliwa walizaliwa papa hapa, wana na wajukuu wa wafanyakazi ambao Union Minière iliwaajiri kutoka Kasai tangu miaka ya 1920. Tena, na hili ndilo linalonisumbua kama mwanaisimu, Kiswahili cha migodini kilichobeba tusi hilo kilijengwa kwa ndimi zao pia.

Napendekeza tusome darasani «Vocabulaire» ya mji wa Elisabethville, iliyotungwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha watumishi wa nyumbani. Kwa kweli haihusu ugomvi wetu. Inamtazama zaidi Mzungu na boi wake, na tahajia yake itawachosha wanafunzi. Lakini ni historia ya mji iliyosimuliwa na waliofanya kazi ndani yake. Baada yake, «bilulu» iandikwe ubaoni.

Nimejaribu mara moja. Darasa lilinyamaza, kisha mwanafunzi mmoja akauliza: «Na baba yangu, alikuwa upande gani?» Nilimwambia akamwulize mwenyewe.