Sanidi na Sanidua: Uhakiki wa Jozi Moja ya Istilahi za Kompyuta

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuenea katika Kiswahili, jozi ya sanidi na sanidua inastahili kuangaliwa na wanaisimu. Kitenzi sanidi kina asili ya Kiarabu. Kiambishi -ua ni cha Kibantu, nacho ndicho kile kile kitenguacho maana katika funga na fungua, kunja na kunjua, tega na tegua, ambacho Ashton alikieleza katika sarufi yake ya 1944. Yaweza kudaiwa kwamba ndoa hii ni ya kulazimisha. Makala haya yanashikilia kwamba umbo halina dosari. Dosari imo katika yambwa inayofuatishwa kitenzi hicho.

Mfano unaofaa ni programu iitwayo mkcert, iliyotolewa na Filippo Valsorda mwaka 2018. Hutumiwa na watengenezaji wa tovuti wanapotaka kuzijaribu katika kompyuta zao kwa njia ya usimbaji kabla ya kuzitoa hadharani. Amri mkcert -install hutenda mambo mawili: huunda cheti mzizi pamoja na ufunguo wake wa siri, ikiwa havijakuwapo, kisha hukiingiza cheti hicho katika orodha ya vyeti vinavyoaminiwa na kompyuta. Tangu hapo kila cheti kilichotiwa sahihi kwa ufunguo huo hupokewa bila swali. Amri mkcert -uninstall hukiondoa cheti katika orodha, basi. Faili la ufunguo, rootCA-key.pem, husalia mahali pake, na programu yenyewe husalia. Maelezo ya programu hiyo hayafichi jambo hili.

Kwa hiyo anayefundisha kwamba amri hiyo ya pili ni "kusanidua mkcert" anatoa sentensi iliyo sahihi kisarufi lakini isiyo kweli. Na achukuliwe kijana wa Sigowet, katika nchi ya chai ya Kericho, aliyeweka cheti mzizi kimoja katika kompyuta zote za darasa, kisha akakisanidua katika yake tu na kuiuza. Mnunuzi aweza kuukuta ufunguo. Akijipenyeza katika mtandao wa darasa lile, aweza kughushi cheti hata kwa jina la benki, na kompyuta zilizobaki zitakiamini.

Mkulima wa huko anaijua tofauti hii kwa njia nyingine. Shamba la chai likifunguliwa mahali palipokuwa na miti, kukata mashina hakutoshi. Kuvu aina ya Armillaria huishi katika visiki na mizizi iliyobaki ardhini, kisha huingia katika mimea ya chai na kuiua. Kukata ni kitendo kimoja, kung'oa ni kingine, na lugha ina kitenzi kwa kila kimoja.

Huenda ikasemwa kwamba, ikiwa ndivyo, sanidua lenyewe ndilo linalodanganya, kwa kuwa kauli ya kutendua huahidi kurejea hali ya awali. Sivyo. Nguo iliyokunjuliwa hubaki na mikunjo, na mtego ulioteguliwa ungali mtego: waweza kutegwa tena jioni. Ndivyo ilivyo hapa. Amri ya kwanza ikirudiwa, mzizi ule ule hurejea kuaminiwa. Sanidua, basi, ni tafsiri aminifu kuliko inavyodhaniwa, mradi isemwe kinachosaniduliwa ni nini.

Yapasa kutenganisha vitendo vitatu na kuvipa vitenzi vitatu: kusanidua cheti, kufuta ufunguo, kuondoa programu. Mfuatano nao una maana. Anayeanza kwa kuondoa programu hujinyima chombo cha kusanidulia cheti. Na kabla ya kufuta, amri mkcert -CAROOT humwonyesha mtumiaji folda ulimo ufunguo.

Kazi ya msanifu wa istilahi haiishi apatapo kitenzi kinacholingana na cha kigeni. Kitenzi elekezi kisichotajiwa yambwa yake humwacha msomaji aikisie mwenyewe, na katika jambo hili anayekisia vibaya huacha mlango wazi huku akiamini ameufunga.