Heda Nzuri Hupimwa kwa Masega

Gari likifungwa heda mpya, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, watu hutega sikio kwanza. Mwenye gari hukanyaga mafuta likiwa limesimama, mngurumo ukajaa uwanja wa gereji, kila mtu akaridhika. Kwa Subaru zenye injini ya EJ20 ya tabo, ambazo barabara za Nairobi zimejaa, sikio ni shahidi mbaya. Ule mngurumo wa kudundadunda unaopendwa sana unatokana na mabomba ya manifoldi kutolingana urefu. Silinda huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, yaani upande mmoja wa injini huwaka mara mbili mfululizo, kisha upande wa pili. Moshi wa upande wa kushoto hulazimika kupita chini ya injini ndipo ufike kwenye tabo, kwa hiyo mapigo hufika yakiwa yamepishana ovyo. Subaru Legacy ya 2003 ilipotoka Japani na mabomba yaliyolingana, tabo ilianza kuvuta mapema zaidi, na mdundo ule ukatoweka. Fundi aliyekutengenezea heda zilizolingana barabara atakurudishia gari linalonguruma kidogo kuliko ulivyolileta. Asiyejua hilo atamlaumu fundi bora na kumsifu mbovu.

Kipimo changu kiko nyuma ya heda: masega, lile kopo la kusafisha moshi, na sensa za oksijeni. Kazi ikiwa nzuri, masega hupata moto uleule yaliouzoea, na sensa husoma moshi uleule bila hewa ya nje kuingia. Mambo mengine yote, mng'aro, jina la kampuni, unene wa bomba, nayatazama baada ya hilo.

Masega yanastahili heshima hiyo. Ndani ya lile kopo mna kauri yenye vitundu vingi vyembamba, imepakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na hapo kaboni monoksaidi, petroli isiyoungua na oksaidi za nitrojeni hugeuzwa kuwa kaboni dayoksaidi, maji na nitrojeni. Kazi hiyo haianzi mpaka kauri ifike nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi. Ndiyo sababu katika safari fupi ya mjini sehemu kubwa ya sumu hutoka dakika za mwanzo, injini ikiwa bado baridi. Zamani, petroli ilipokuwa na risasi, masega yasingedumu, kwa maana risasi huyafunika na kuyaua. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006. Anayekwambia leo kwamba masega ni kizibo tu, yatolewe gari lipumue, anakupa ushauri ambao wakati wake umepita. Na ukimwachia alitoe kopo hilo, uliza linakwenda wapi, kwa sababu madini yaliyomo yana soko.

Basi kabla ya kununua chochote, lala chini ya gari utazame masega ya kwanza yako wapi. Magari mengi ya miaka ya 2000 na kuendelea yamechomelewa masega hayo papo hapo kwenye manifoldi ili yapate moto haraka. Gari la namna hiyo halina nafasi ya heda ndefu: kuzifunga ni kuyaondoa masega. Hapo mimi husema acha. Kama manifoldi imepasuka, tafuta nyingine ya aina ileile. Mahali masega yanapokaa mbali na manifoldi, chini ya sakafu au baada ya tabo, ndipo fundi ana uwanja wa kuonyesha ustadi wake. Huko California sheria imelinyoosha jambo hili kwa muda mrefu. Heda za gari la barabarani hutakiwa ziwe na namba ya kibali cha bodi ya hewa ya jimbo hilo, na mkaguzi huitafuta namba hiyo gari linapopimwa moshi. Heda fupi zinazoacha masega mahali pake ndizo zinazokipata kwa urahisi. Hata kama gari lako halitakanyaga Marekani, heda zenye namba hiyo kwa injini yako zimekwisha kupimwa na watu wasiomjua muuzaji wako.

Sasa zichukue mkononi. Anzia kwenye flenji, kile kibao kinachobana kwenye silinda hedi. Kiwe nene, karibu milimita 10, kwa sababu chembamba hupinda kikipata moto. Weka rula ya chuma juu ya uso wake, umulike tochi kwa nyuma. Mwanga ukipenya katikati, flenji imepindwa na joto la kuchomelea, na gasketi yoyote utakayoweka itavuja. Fundi makini huisawazisha flenji kwa mashine baada ya kuchomelea. Mvivu hukuambia bolti zitaivuta.

Kisha tazama ndani ya matundu. Nje kila mtu hupapamba. Ndani ndiko fundi hujulikana. Chuma cha pua kikichomelewa kwa tigi bila kupitisha argoni upande wa ndani, mshono hufanya chembechembe nyeusi zinazofanana na sukari iliyoungua, na chembe hizo zikibanduka huelekea kwenye tabo na masega. Pitisha kidole: mshono uwe laini, usichomoze kwenye njia ya moshi. Nje, rangi ya dhahabu au buluu hafifu pembeni mwa mshono ni dalili ya mkono uliotulia. Kijivu cha majivu ni chuma kilichounguzwa. Pia fuata kona za bomba kwa kiganja. Bomba lililopindwa kwa mashine yenye kiini hubaki na upana uleule; lililopindwa hivi hivi hukunjamana upande wa ndani na kubana moshi. Mafundi wa jua kali hujaza mchanga mkavu bombani na kulipasha moto kabla ya kulipinda, na wakiwa na subira kona hutoka nzuri. Siidharau kazi hiyo hata kidogo, ila mchanga wote utoke.

Wauzaji hupenda kukuonyesha sumaku. Chuma cha pua cha daraja la 304 hakinasi. Cha 409, ambacho viwanda vingi vya magari hutumia, kinanasa, na kutu yake huwa ya juujuu tu. Kwa hiyo sumaku haikupi jibu la mwisho. Jambo lisilosemwa dukani ni kwamba 304 hutanuka kwa joto kuliko chuma cha kawaida, hivyo seti nzuri huwa na kiungo kinachoteleza au kipande kinachonyumbulika. Bila hicho, itapasukia kwenye mishono. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha nakikubali bara. Mombasa na Tanga, kwenye chumvi, sikikubali.

Sehemu ninayoitazama kwa muda mrefu kuliko zote ni tundu la sensa, ile nati nene iliyochomelewa bombani. Lazima liwe mahali ambapo moshi wa silinda zote umekwisha kuchanganyika, vinginevyo kompyuta itasikiliza silinda moja na kuzihukumu zote. Ncha ya sensa iinamie chini kidogo, walau nyuzi 10 kutoka mlalo, ili maji yanayojikusanya bombani asubuhi yasiingie humo na kuipasua kauri yake yenye hita. Waya ufike bila kuvutwa. Nikiona waya umeungwa kwa kusokotwa na utepe, huwa naanza kuitilia shaka kazi nzima.

Kwenye kufunga, gasketi ziwe mpya bila mjadala. Silinda hedi ya EJ ni ya alumini, nyuzi za bolti hukatika upesi, kwa hiyo fundi alainishe nati zilizoshika kutu kwa mafuta na joto, wala asizilazimishe. Akaze kwa hatua, kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu cha gari. Silikoni ya kawaida isiguse chochote kabla ya sensa, maana mvuke wake huiharibu. Baada ya hapo muulize jambo dogo: filta ya oili itatokaje? Kwenye injini hii filta hukaa katikati ya mabomba, na heda zinazoziba mkono zitakuudhi kila unapobadilisha oili.

Liwashe gari likiwa limelala usiku kucha. Mlio wa tiki tiki unaotoweka injini ikipata moto ni uvujaji unaozibwa na chuma kinapotanuka. Usikubali kuambiwa ni kawaida. Katikati ya pigo moja na jingine, bomba hufyonza hewa kupitia upenyo huo, sensa hudhani mafuta ni machache, kompyuta huongeza petroli, na petroli hiyo ya ziada huenda kuwakia ndani ya masega mpaka yayeyuke. Unganisha mashine ya kusomea kompyuta, utazame marekebisho ya mafuta: yakicheza karibu na sifuri, asilimia 5 juu au chini, nimeridhika, yakipita 10 kwa upande wa kuongeza, nalirudisha. Sensa ya nyuma ya masega itulie karibu mstari mmoja. Ikirukaruka sambamba na ya mbele, masega hayafanyi kazi, na kodi ya hitilafu P0420 itafuata. Kile kipande cha kuivuta sensa ya nyuma nje ya moshi ili taa ya injini isiwake ni ulaghai, hata kifungwe kwa usafi namna gani.

Na taa kuwa imezimwa siku ya kukabidhiwa si ushahidi, kwani kufuta kodi huchukua sekunde chache. Kwenye mashine hiyohiyo kuna orodha ya majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe. Baada ya kufuta, jaribio la masega hurudi kuwa halijakamilika mpaka gari liendeshwe siku kadhaa, mjini na barabara kuu. Bakiza sehemu ya malipo hadi likamilike, kisha lipeleke gari likiwa baridi nati zikazwe upya.