Kusoma Rupia kwa Jua la Asubuhi

Sarafu iliyochakaa haijifunui kwa kila mtu. Mpe mtu rupia ya Mjerumani iliyopita mikononi mwa askari, wachuuzi na wakulima, kisha ikalala miaka mingi katika kisanduku cha bibi, naye ataona duara la fedha lililofifia na juu yake umbo la kichwa kisichojulikana ni cha nani. Mpe mpiga picha anayeijua kazi yake, naye atakuonyesha Kaiser Wilhelm wa Pili na tai aliyetua juu ya kofia yake ya chuma. Atakuonyesha maandishi ya Kilatini yaliyomzunguka, na upande wa pili simba chini ya mnazi, nembo ya kampuni ya Kijerumani iliyotoa rupia hizo kuanzia mwaka 1890. Sarafu ni ile ile. Haikusuguliwa, haikutiwa ndimu. Kilichobadilika ni upande mwanga ulikotokea, na utulivu wa mtu aliyekuwa nyuma ya kamera. Kazi hii naiheshimu sana, na naamini bonde la Kilombero linaihitaji kuliko watu wake wanavyodhani.

Nataja bonde hili kwa sababu hapa sarafu zilikuja na uzito wake. Kodi ya nyumba ilipoanza kutozwa mwaka 1898, kiwango cha kawaida kilikuwa rupia 3 kwa nyumba, na mkulima ambaye hakuhitaji sarafu ili ale wali wa shamba lake alilazimika kuitafuta popote ilipo. Mwishoni mwa Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walilishambulia boma la Mahenge, ng'ambo ya mto, na kodi hiyo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowachosha watu. Baada ya Wajerumani zikaja senti za tundu za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919, ambazo watu walizitunga kwenye kamba. Mwaka 1966 zikaja za Benki Kuu yetu wenyewe. Serikali zilizotoa sarafu za kwanza zimeondoka zamani, lakini shaba na fedha zao bado zimo katika masanduku, katika mikufu, na nyingine katika udongo mweusi wa majaruba kuanzia Ifakara hadi Mchombe na Mlimba.

Anayetaka kuanza huuliza kwanza anunue kamera gani, na akishauliza hivyo huanza kuhesabu megapikseli. Mimi ningemwambia aanze kwa kupima sarafu. Rupia ina upana wa milimita 30. Kamera nyingi za mtumba zenye lenzi za kubadilisha zina sensa ya milimita 24 kwa 16 hivi. Lenzi ya makro inayochora kitu kwa nusu ya ukubwa wake halisi, kama ile Micro-Nikkor ya zamani ya milimita 55 inayozungushwa kwa mkono, itaona juu ya meza eneo la milimita 48 kwa 32. Rupia inaingia nzima, na juu na chini hakubaki nafasi ya kupotea. Kwa hiyo wale wanaosisitiza kwamba bila lenzi ya kuchora kitu kwa ukubwa wake kamili huwezi kupiga picha ya sarafu wanakutia gharama bure. Lenzi hiyo utaihitaji siku utakapotaka kuingia katika herufi moja moja.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, ni nafasi inayobaki kati ya lenzi na sarafu. Lenzi fupi hukuvuta karibu mpaka kivuli cha kamera kinaifunika sarafu, na hapo hata ungekuwa na kamera ya mamilioni unapiga picha ya giza. Lenzi ya makro ya milimita 90 hadi 105 hukuachia sentimita 14 au 15 hata unapoikaribia sarafu kabisa, na taa hupata pa kuingilia. Ningekuwa na fedha ya kulipia kitu kimoja tu, ningelipia nafasi hiyo.

Asiye na uwezo wa kununua lenzi ya makro asikate tamaa. Zipo pete za kurefusha, ambazo hazina kioo ndani, zinazofungwa kati ya kamera na lenzi ya kawaida. Pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya milimita 50 inakupa nusu ya ukubwa halisi, sawasawa na ile makro ya zamani, kwa sehemu ndogo ya bei yake. Simu nayo isidharauliwe. Ila ina tabia mbili za kuchunga: hupenda kusogezwa karibu mno, tena hunoa na kupamba picha bila kuulizwa, mpaka mkwaruzo ukageuka kuwa herufi. Irudishe nyuma kiasi cha shubiri, tumia lenzi yake ya kuvuta mbali ikiwa inayo, ifunge isitikisike, na kama ina uwezo wa kuhifadhi picha ghafi, chagua hiyo.

Utulivu hauna mbadala. Kamera ielekee chini, imefungwa kwenye stendi imara hata kama ni ya mbao iliyotengenezwa na seremala wa mtaani. Sarafu ilale bapa, na kamera isimame wima sawasawa juu yake. Ipo njia nzuri ya kuhakikisha hilo. Weka kioo kidogo cha kujitazamia mahali pa sarafu, kisha chungulia. Ukiiona lenzi yenyewe katikati kabisa ya picha, kamera imenyooka. Ukiiona imeenda pembeni, bado imeinama. Usibonyeze kitufe kwa kidole wakati wa kupiga. Tumia kuchelewesha kwa sekunde 2 ili mtikisiko wa mkono uishe. Hisia ya sensa (ISO) iwe ndogo, 100 ikiwezekana, hata kama itabidi picha ichukue nusu sekunde. Tundu la lenzi likiwa kwenye 8 linatosha mara nyingi. Wapo wanaolifunga mpaka 22 wakitafuta sarafu nzima iwe kali, na badala yake picha yote inalegea, kwa kuwa mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika. Na kwa kuwa Mchombe ni nchi ya mpunga, chagua saa ambayo mashine ya kukoboa ya jirani imezimwa. Macho hayauoni mtetemeko wake mezani, lakini lenzi ya makro inauona.

Nimefika kwenye mwanga, na hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo.

Mchombe iko chini ya Udzungwa. Jioni milima hiyo hulimeza jua mapema, lakini asubuhi jua linachomoza upande wa tambarare, halina kizuizi, na kwa muda fulani linakuja karibu sambamba na ardhi. Huo ndio mwanga wa sarafu iliyolika. Weka meza karibu na mlango unaotazama mashariki, jua liikute sarafu kutoka ubavuni, na kila mwinuko uliobaki juu ya chuma, hata ule ambao kidole hakiuhisi, utaangusha kivuli chake. Acha kamera ilivyo. Zungusha sarafu polepole. Kuna pembe ambayo tai anatokea na maandishi yanapotea, na pembe nyingine ambayo namba ya mwaka inainuka mahali ulipodhani pamefutika kabisa. Usiridhike na picha ya kwanza. Piga moja, zungusha kidogo, piga nyingine, kisha zilinganishe, kwa maana kivuli kinaweza pia kudanganya na kugeuza 1 kuwa 4. Tarakimu inayoonekana katika pembe tatu tofauti ni tarakimu; inayoonekana katika pembe moja tu iandikie alama ya kuuliza. Jua likishapanda, kazi hiyo imekwisha, labda uwe na taa ndogo ya sola unayoweza kuilaza chini pembeni mwa sarafu.

Sarafu inayong'aa inataka kinyume chake. Hiyo huurudisha mwanga kama maji ya jaruba wakati wa adhuhuri: ukisimama pabaya unaona weupe mtupu. Ilainishie taa kwa karatasi nyeupe nyembamba. Ama chukua kioo safi cha fremu ya picha, kisimamishe kati ya lenzi na sarafu kikiwa kimeinama nyuzi 45, kisha leta taa kutoka ubavuni. Kioo kitashusha sehemu ya mwanga moja kwa moja juu ya sarafu, na lenzi itatazama kupitia kioo hicho hicho. Sehemu bapa za sarafu zitang'aa na kingo za michoro zitachorwa kwa weusi. Njia hii haigharimu karibu chochote, na wapiga picha wa makumbusho wanaitumia pia.

Rangi nayo ina ushahidi wake. Mwaka 1916, Waingereza wakiwa wamezifunga bandari na sarafu zikiwa haba, Wajerumani walianza kugonga sarafu zao wenyewe Tabora katika karakana ya reli: heller, yaani senti za rupia, za 5 na za 20, pamoja na ile rupia 15 ya dhahabu yenye tembo mbele ya mlima. Heller 20 zilitolewa kwa shaba nyekundu na kwa shaba ya njano. Kamera isiyopimiwa weupe, chini ya balbu ya njano, inaweza kuigeuza ya kwanza kuwa ya pili, na kosa hilo likishaingia kwenye maelezo ya picha linasafiri nayo. Kwa hiyo weka kipande cha karatasi nyeupe isiyo na rangi kando ya sarafu, na upime kwacho kabla ya yote. Kisha sogea karibu, maana hapa ndipo ile lenzi ya ukubwa kamili inapolipa gharama yake. Wakusanyaji hutofautisha mihuri ya Tabora kwa ukubwa wa taji, na kwa ncha za herufi L mbili katika neno HELLER, kama zimejikunja au zimechongoka. Hayo hayaonekani vizuri kwa macho matupu. Na sisi wa bondeni tuna sababu ya kuyatazama: Wabelgiji walipouteka mji wa Tabora Septemba 1916, jeshi la Wajerumani lililokuwa huko lilirudi nyuma kusini, pande za Iringa na Mahenge. Heller 20 ikitokea katika shamba la Kilombero, huenda ilikuja mfukoni mwa askari au mpagazi wa safari hiyo.

Anayejifunza asianze na sarafu adimu. Senti 50 ya mwaka 1966, yenye sungura, inafundisha vya kutosha, maana manyoya yake yanataka mwanga laini na jicho lake linataka mwanga mkali. Ilichorwa na Christopher Ironside, Mwingereza aliyechora pia sarafu za mfumo wa desimali za nchi yake mwenyewe. Shilingi 500 ya nyati, iliyotolewa mwaka 2014, inafundisha jambo jingine: ina taswira iliyofichwa, ambayo ukiinamisha sarafu upande mmoja unasoma 500 na upande mwingine BOT. Mtu anayeweza kuzipata zote mbili, kila moja katika picha yake, ameuelewa mwanga.

Katika bonde hili masika ni adui wa vifaa. Unyevu wa miezi ile huotesha ukungu ndani ya lenzi, na ukungu ukishakula kioo hautoki. Hifadhi lenzi katika kopo linalofunga vizuri, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uianike juani mara kwa mara. Vumbi la barabara ya Ifakara wakati wa kiangazi hupulizwa kwa kipulizio, halifutwi kwa kanga.

Sarafu yenyewe isisafishwe. Majivu, ndimu na waya wa kusugulia sufuria vinaondoa ndani ya dakika chache kile ambacho ardhi ilikitunza kwa miaka mia moja. Ishike kwa ukingo, pangusa udongo mkavu kwa brashi laini, basi.

Picha peke yake haitoshi; andika pia mahali sarafu ilipopatikana. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilitambuliwa baadaye, baada ya mwaka 1979, kuwa za shaba za masultani wa Kilwa. Wataalamu waliweza kurudi na kuchunguza mahali pale kwa sababu alikuwa ameweka alama kwenye ramani. Sarafu zikiwa peke yake zingebaki fumbo tu.

Kijana wa Mchombe, mwenye simu au kamera ya mtumba, nenda kwa bibi na babu yako kabla mnunuzi wa vyuma chakavu hajafika. Omba kwa adabu kuiona rupia. Laza rula ya milimita kando yake, piga pande zote mbili na ukingo, andika kijiji, shamba, tarehe na jina ambalo mwenye sarafu anaiita. Kisha mrudishie sarafu yake mkononi, na umwachie nakala ya picha.