Huyu Mzulu ni wa Upande Gani?

Kisanduku kilifika Songea ndani ya begi la rafiki yangu aliyekuwa akisoma Uingereza. Ndani yake mlikuwa na askari wa Kirumi wa plastiki, vipande vipande, kila mmoja akisimama hafikii sentimita tatu. Unawakata kwa wembe, unawaunga kwa gundi, kisha unawapaka rangi. Ukipenda, unawageuza: unamng'oa huyu mkono, unampa ngao nyingine, na Mrumi anakuwa mtu mwingine kabisa.

Wenye mchezo huu wana ugomvi usiokwisha juu ya usahihi. Je, kanzu ya askari ilikuwa nyekundu, au nyeupe ya sufu isiyotiwa rangi? Mwaka 1964, huko Corbridge kaskazini mwa Uingereza, kulifukuliwa sanduku la kale lenye vipande vya deraya. Baada ya H. Russell Robinson kuvichunguza ndipo ilipoeleweka vizuri jinsi mabamba yale yalivyoshikana kwa mikanda na bizimu. Tangu hapo, anayemtengeneza askari kwa kuiga tu michongo ya Nguzo ya Trajan pale Roma husahihishwa, kwa kuwa wachongaji wale waliirahisisha deraya.

Nilicheka. Watu wazima wanabishana juu ya bizimu! Kisha nikaamua kumgeuza Mrumi mmoja awe mpiganaji wa Ungoni wa mwaka 1905, na kicheko kikaniisha.

Nilianza na picha ambayo kila mtoto wa hapa anaijua: ngao ndefu ya ngozi ya ng'ombe, mkuki mfupi, manyoya kichwani, ngozi kiunoni, kifua wazi. Ndiyo tunayoivaa kwenye maigizo ya shule. Nilipomaliza nilikuwa na Mzulu safi mezani. Picha hii si ya uongo mtupu, maana ngao na mikuki ya aina hiyo ilikuwapo kweli. Shida ni kwamba imekubaliwa bila kuulizwa swali lolote, na inaficha mengi kuliko inayoyaonyesha.

Tuanze na mtu mwenyewe. Kundi la Zwangendaba lilivuka Zambezi mwaka 1835. Kutoka hapo hadi Vita vya Maji Maji ni miaka sabini. Njiani waliingizwa Wakalanga, Wasenga na Watumbuka. Walipofika huku wakaingizwa Wandendeule, Wamatengo, Wangindo na wengine. Wengi wa waliobeba silaha mwaka 1905 walikuwa wazao wa hao waliomezwa. Kumchora kila mmoja kama aliyeshuka jana kutoka kwa Shaka ni kuwafuta babu za watu wengi wanaoishi Ruvuma leo.

Tuje kwenye mavazi na silaha. Merikani na kaniki zilishafika bara zamani kwa misafara ya Kilwa. Miongoni mwa wapiganaji wa Maji Maji walikuwapo wenye magobori. Tukimvua kila mpiganaji nguo na kumpokonya bunduki, tunarudia hadithi ya mkoloni: washenzi wa kale walikutana na bunduki za rashasha, wakashangaa, wakafa. Waliokusanyika Namabengo Oktoba 1905 waliishi katika karne moja na waliowapiga.

Lakini kilichonishika zaidi kiko upande wa pili. Hermann von Wissmann alipounda jeshi lake mwaka 1889 ili kuvunja upinzani wa pwani, aliajiri Wasudani kutoka Misri, na pia watu kutoka Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Kwa hiyo yule Mzulu niliyemtengeneza kwa upendo, nikimwekea jina la shujaa wetu, ana babu pia katika jeshi lililozaa lile lililokuja kutuchomea maghala. Katika maigizo yetu Mjerumani huwa mzungu mmoja aliyepakwa unga usoni, na askari wake weusi hawaonekani. Ni rahisi kumchukia mzungu wa unga. Mwafrika mwenye kofia na bunduki ya Kijerumani anatutaka tufikiri.

Kuna atakayenijibu kwamba sanaa ina uhuru wake. Nakubali. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile mwaka 1969 hakudai kumleta jukwaani Kinjikitile wa historia. Alisema wazi kuwa mhusika wake ni wa kubuni. Uhuru wa namna hiyo ni wa mtu anayejua anachokiacha. Sisi tunaacha tusichokijua, halafu tunakiita utamaduni.

Na hapa Songea usahihi si mchezo wa mezani. Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa watu 67 mjini hapa, akiwamo Nkosi Mputa Gama. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, na inasimuliwa kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja kwenye Makumbusho ya Maji Maji, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kulitafuta fuvu hilo. Familia haiombi fuvu la shujaa yeyote yule. Inamtaka Songea Mbano. Tukidai usahihi kwa Wajerumani, katika makabati na kumbukumbu zao, tutaanzaje kuridhika na shujaa yeyote yule katika michoro na maigizo yetu?

Mzulu wangu nimemvunja. Ngao nimeibakiza, nimemvika kaniki ya karatasi iliyolowekwa gundi, na mwenzake nimempa gobori la kijiti cha kiberiti. Wa tatu ndiye anayenisumbua. Nataka awe Mkomanile, kiongozi mwanamke wa Kitanda, anayekumbukwa miongoni mwa walionyongwa. Kisandukuni hamna mwanamke hata mmoja, na katika ile picha ya ngao na manyoya hana pa kusimama. Nimekata miili miwili ya Warumi, yote imeharibika. Kesho najaribu wa tatu.