Njia, Idadi na Duara: Ulimwengu wa Nagona na Mzingile

Ni wepesi kusema kwamba ulimwengu wa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya za E. Kezilahabi, "hauna mwisho", na kwa neno hilo moja kuufunga pamoja na Dao ya Wachina na hisabati ya Cantor. Hapa lugha humponza mhakiki.

Ichukuliwe barabara itokayo Ruiru kwenda Thika. Urefu wake ni kilomita 20 hivi, na abiria huimaliza. Hata hivyo, nukta zilizomo hazihesabiki: Georg Cantor alithibitisha mwaka 1874 kwamba hata mfululizo wa 1, 2, 3 usiokoma hautoshi kuzipa zote namba. Tena kipande cha Ruiru hadi Juja kina nukta nyingi sawasawa na barabara nzima. Huko ni kutokoma kwa idadi.

Dao nayo maana yake ni njia, lakini njia ya Laozi si kitu cha kuhesabiwa. Mwendo wake ni kurejea. Kezilahabi yu karibu zaidi na huyu. Katika Mzingile dunia huangamia, kisha uhai huanza upya: duara lina kipimo, bali halina ncha.

Walakini kufanana huku kusikuzwe mno. Mfuasi wa Dao hutulia. Msafiri wa Kezilahabi huuliza, na jawabu halimkati kiu. Mhakiki auonaye mwanzo huo mpya kuwa ni utulivu tu, ameisoma Mzingile bila ya wafu wake.